Kikwembe cha Pili

Rangi ndiyo iliyoniita. Mwaka jana nilikuwa Bukama, nimekaa juu ya begi langu karibu na stesheni, nikingoja treni ambayo kila mtu alisema inakuja na hakuna aliyesema lini. Upande wa mto wanawake walikuwa wakishusha vikapu vya samaki wakavu, na katikati yao, mbali, palikuwa na kipande cha buluu chenye kijani ndani yake. Haikuwa buluu ya turubai wala ya sare ya shule. Ilikuwa buluu ya maji mafupi asubuhi, na kijani chake kilikuwa kile kinachopatikana tu pale manjano inapozamishwa ndani ya buluu, ikakubali nusu na kukataa nusu. Nimezunguka sana katika maisha yangu, nimeuza vitu vingi na kuangalia migongo mingi ya wanawake sokoni, kutoka Kongolo mpaka Kasumbalesa, lakini rangi ile nilikuwa nimeiona ikizaliwa mahali pamoja tu. Nilimwachia mtu nisiyemjua begi langu, nikashuka mtoni nusu nikitembea, nusu nikikimbia.

“Jambo, mama. Kikwembe hii ulitosha wapi? Uliipata kwa nani?”

Mwenye kikwembe alikuwa kijana, kikapu bado kichwani. Aliniangalia kama naitaka nguo ile pale pale. “Kamina. Kwa Mama Mboyo.”

“Mama Mboyo alikufaka.”

“Alikufa lini? Minyi natoka kwake juma hii. Alinitukana juu nilichelewa.”

Nilicheka peke yangu pale ukingoni mpaka wanawake wakaacha vikapu kunitazama. Zamani, wakati wa vita, mtu fulani huko Likasi aliniambia kwamba Mama Mboyo wa Kamina amefariki, nami niliamini, kwa sababu siku zile habari za vifo ndizo zilizokuwa za kweli kuliko habari nyingine zote. Nilimlilia. Niliendelea kumlilia kidogo kidogo kwa miaka, kila nilipopita mbele ya duka la nguo. Kumbe muda wote huo alikuwa hai, akitukana wateja. Treni ya Lubumbashi, ile niliyokuwa na tiketi yake, nikaiacha iende, nikapanda ya upande wa pili. Njiani, kichwa changu kwenye dirisha, nikaupitia upya mwaka ule mmoja ambao nilikaa mahali pamoja.

Sitaeleza nilitoka kwa nani. Sisi watoto wa Kinkondja wote tunatoka ndani ya moshi uleule wa samaki. Shule niliiacha mapema, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu dirisha la darasa lilikuwa na mambo mengi kuliko ubao. Nilipokuwa msichana mkubwa nilikuwa nikipanda treni na magunia ya samaki, nikiuza, nikishuka popote penye kitu cha kutazama. Kwenye Base ya Kamina, kambi ya jeshi nje ya mji, nilibaki kwa sababu ya vidole. Mwanamke mmoja alikuja kwenye kibanda changu sokoni, akawa anapindua samaki mmoja mmoja, na vidole vyake vilikuwa vya manjano mpaka kwenye kifundo, kucha za buluu, na kwenye kidole gumba kijani. Nilimwuliza ni ugonjwa gani. “Ugonjwa ya kazi,” akasema. “Kuya uone, kama hauogope kuambukizwa.” Nikafunga gunia, nikamfuata. Nilikuwa nikidhani nitatazama kidogo kabla ya treni ya kurudi.

Huyo ndiye Mama Mboyo, mtu wa Mbandaka, mjane wa sajenti. Walikuwa wamehamishwa na jeshi kutoka kambi moja hadi nyingine, na homa ikamchukua mume hapo Base, katika zile nyumba za matofali zilizopangwa mistari mistari tangu wakati wa Wabelgiji. Chumba chake kimoja kilijaa meza. Ilikuwa meza ndefu ya mbao nzito, imetandikwa blanketi la kijeshi na juu yake kitambaa, ili muhuri ukigonga usidunde. Kitanda chake kilikuwa chini ya meza hiyo. Changu kikawa pembeni, miguu yangu ikigusa mlango. Mihuri aliichonga kwenye soli za sapatu kuukuu, yaani kandambili, akaigundisha juu ya vipande vya mbao, na rangi aliipika na uji mwembamba wa muhogo ili isikimbie kwenye kitambaa. Chungu cha rangi na chungu cha bukari, ugali wetu, vilikatazwa kukaribiana, lakini mwiko ulikuwa mmoja. Kuna siku tulikula bukari yenye mstari wa manjano katikati, na yeye akaikata kwa vidole vyake vya rangi ileile, akasema, “Leo tunakula desen,” yaani mchoro wa nguo. Samaki nilileta mimi, matembele aliyachuma nyuma ya nyumba, na tulikula kwenye kona ya meza, tukiwa tumeinua kitambaa kama watu wanaokula kwenye ukingo wa shamba la mtu mwingine.

Ukuta ulikuwa mwembamba. Upande wa pili aliishi kaporali na mke wake, Mama Feza, mwanamke wa Bukavu mwenye kicheko kilichofika kabla yake. Jioni tulisikia maneno yao yote, na jioni moja tulisikia haya kuhusu batayo, kikosi chao kizima: “Banasema batayo yote itahama. Ba mupya banakuya.” “Na huyu mujane wa hapa?” “Nyumba ni ya soda, ya askari, haiko ya kitambala.” Mama Mboyo alikuwa ameshika muhuri hewani. Aliuteremsha taratibu, mahali palepale ulipotakiwa kuangukia, kisha akaniambia, kama anayesimulia jambo la mtu mwingine, kwamba kila kambi waliyoondoka aliacha meza. Lori la jeshi hubeba watu na masufuria, meza halibebi. Alikuwa ameacha meza Kananga, meza Kalemie, na nyingine ambayo mji wake hakupenda kuutaja. Kila mara alianza upya na mti mpya na fundi mpya. “Mwana na ngai, mwanangu, meza ya sasa nikiiacha, sitatengenezesha ingine. Mikono yangu itabaki safi.” Alisema “safi” kama mtu anayesema “maiti”.

Siku hizi watu huniuliza nilijifunzia wapi kuchagua nguo, nami hushindwa kujibu kwa kifupi. Nilijifunza kwa kusimama. Mama Mboyo hakuchora kitu mezani kabla ya kukiona mwilini. Alichukua kitambaa cheupe kitupu, cha amerikani, akanifunga, akaniamuru: simama, geuka, ikala, inama kama unayefagia. Na mkaa mkononi aliweka alama: hapa kitambaa kinajificha ndani ya kingine, hapa utakikalia, hapa mtoto wa mgongoni ataweka kichwa. Mahali pa kukaliwa hakuweka kamwe ndege wala uso wa mtu. Aliweka mistari, au vidoto, madoa madogo madogo. “Ndege haikaliwe,” alisema. Rangi nayo ilikuwa na sheria zake. Alinituma niende mpaka kwenye bomba la maji, nigeuke, nimwambie ninaona nini kwenye kamba. Niliona nyekundu tu, au kitu cheusi chenye homa. Kisha nikaribie mpaka nione kwamba cheusi kile ni majani na homa ile ni vidoto vya machungwa. “Unaona? Rangi njo inaita bantu toka mbali. Desen njo inabaikalisha. Kama rangi inaita na desen haina neno ya kusema, bantu banapita tu.” Alinionyesha vilevile kwamba rangi haina tabia yake peke yake, ina tabia ya jirani. Manjano karibu na nyeupe hulala. Manjano hiyohiyo karibu na buluu huamka na kupiga kelele.

Ni kwa njia ya rangi kwamba wamama wa kanisa walimjua. Katika mji wa Kamina, mbali kidogo na Base, familia za Wamethodisti ni watu wa shule na ofisi, na wanawake wao hawakuwa na desturi ya kutafuta kitu kambini. Lakini mmoja wao aliona kikwembe cha Mama Mboyo kikipita sokoni, akakifuata kama mimi nilivyofuata vidole. Alikuwa kiongozi wa wanawake wa parokia yake, mke wa mkuu wa shule. Wote walimwita Mama Prezidante. Alikuja na kofia na mkoba, akakaa kwenye ukingo wa kiti chetu kimoja, akaeleza kwamba parokia yao itafanya yubile, na wanawake wote wanataka kikwembe kimoja, chenye kengele. Kengele yao ya shaba ilikuwa ikiwaita tangu siku za bibi zao. Kisha, akiitazama meza kwa muda, akauliza ataenda wapi batayo ikihama. Mama Mboyo akasema hajui. “Nyuma ya kanisa kuko chumba, shambre moja,” Mama Prezidante akasema. “Tunawekamo mabenchi ya kuvunjika. Iko na madirisha mbili. Bamama bakipenda kikwembe, nitabaomba tukupe. Bakikatala, minyi sina nguvu.” Alipoondoka, Mama Mboyo alirudia neno moja tu, akilitia utamu kama mtu anayenyonya mfupa: “Mbili. Madirisha mbili!”

Aliifanyia kazi ile kengele kuliko nguo yoyote niliyoiona. Nilisimama, niligeuka, nilikaa, mpaka mapaja yangu yakawa na mkaa wa kudumu. Kengele isikaliwe, basi aliipanga kwa safu, na mahali pa kukalia akaacha vidoto. Midomo yote itazame chini, kama kengele inavyoning'inia. Rangi iwe ya dhahabu, kwa sababu shaba iliyosuguliwa siku ya sikukuu ni dhahabu, na ardhi iwe nyeupe kabisa. Karibu na mdomo wa kengele aliacha ukanda mdogo mweupe, ili shaba ionekane inang'aa. Rangi ilipenya vizuri, upande wa nyuma ukawa sawa na wa mbele. Hilo lilikuwa fahari yake, nguo isiyo na mgongo. Tulipomaliza, nguo zilijaa kwenye waya, kwenye ua, juu ya majani. Nilikwenda mpaka kwenye bomba bila kutumwa, nikageuka. Ziliita. Nilirudi nikamwambia, naye akanawa mikono, akakaa kizingitini, akala kitumbula kizima.

Ndipo Mama Feza alipotoka nyumbani kwake. Alikuwa mtu wa kujaribu kila kitu. Akachukua kimoja, akajifunga juu ya nguo yake. Kengele zikakaa vizuri. Kisha akachukua cha pili, kwa sababu mwanamke aliyeolewa hujifunga viwili: kimoja kikishuka mpaka miguuni, na kingine kimekunjwa nusu juu ya nyonga. Akakikunja kama wanawake wa huku wanavyokunja, nusu ya juu ikianguka mbele juu ya nusu ya chini. Na katika kuanguka huko kengele zote zikapinduka, midomo juu.

Mama Feza alijitazama. Alitazama tena. Kicheko kilianzia tumboni, kikamlazimisha kushika ukuta. “Ee mama wee! Mama Mboyo! Unavalisha bamama ba kanisa bilauri ya pombe!”

Na zilikuwa bilauri. Hapakuwa na njia ya kuziona vingine. Dhahabu ilikuwa bia, ule ukanda mweupe ulikuwa povu, na hata kidude cha kugongea, kikiwa sasa juu, kilikuwa tone linaloruka mtu anapomimina. Safu baada ya safu za bilauri zilizojaa, kwenye nyonga za wanawake wa kanisa ambalo hata harusi zake hunyweshwa chai. Wanawake wengine wa kambi walikusanyika. Mmoja akasema afadhali ingekuwa pombe kali ya lutuku, haina povu. Mama Feza, akifuta machozi, akajaribu kusaidia: “Utabaambia ni munkoyo, uji ya mahindi! Munkoyo hata pasta anakunywa!”

Mama Mboyo aliwapa mgongo. Aliingia ndani, akakaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza. Niliketi karibu yake. Nilifikiri anatafuta nani wa kulaumu, lakini alikuwa anatafuta jinsi macho yake yalivyoweza kupita pale bila kuona. Alipata jibu kabla yangu. “Humu nyumbani,” alisema polepole, “nani anafunga ya pili?” Hakuna. Mimi nilikuwa msichana; nilijifunga kimoja. Yeye, tangu siku ya kumzika sajenti, alikuwa amekunja kikwembe cha pili akakiweka ndani ya sanduku, na hakukitoa tena. Alikuwa amepima nguo ya wake za watu katika nyumba isiyo na mke. Nje wanawake walikuwa bado wanacheka, bila ubaya, kama watu wanavyocheka wakipata kitu bure. “Batanitosha huku, banifukuze,” akasema, “na kule hawataniingiza.”

Kitambaa kilikuwa kimekwisha, na kingine kisingepatikana kabla ya yubile. Asubuhi tulikunywa chai, hakuna aliyegusa bitumbula. Nguo moja ilikuwa juu ya meza imekunjwa nusu, bilauri juu. Mimi siwezi kunyamaza mbele ya kitu ninachokiangalia. Ni kasoro iliyonifukuza kwenye nyumba nyingi na kuniingiza kwenye nyingine. Nikauliza: na kama isingekuwa manjano, ingekuwa nini? Akasema ingekuwa bilauri ya kitu kingine. Nikainamisha kichwa, nikafumba jicho moja. Nikaona Kisale, ziwa la kwetu. Niliona maji asubuhi, mtumbwi ukipita, na yale matumba ya yungiyungi yakitokeza juu ya maji kabla hayajafunguka, ya kijani, mdomo juu, kila moja juu ya bua lake refu linalopotea chini. Nikajaribu kumweleza. Mtu wa Mbandaka anajua mto, lakini hakuelewa ninasema ua gani. Nikachukua mkaa, nikamchorea sakafuni.

“Hii ni kijiko,” akasema.

Nikachora lingine.

“Hii ni kijiko ya kuvunjika. Weye, shule ulitoka mapema kweli.” Lakini alikuwa ameshuka chini, magoti sakafuni, na kidole chake cha manjano kikifuata bua nililochora, kikishuka, kikishuka. Kisha akageuza kichwa chake, akalitazama kutoka upande wa pili, bua likiwa juu. Nikamwona anasimama kama mtu aliyechomwa. “Kamba!” akasema. “Nzambe na ngai, Mungu wangu. Njo kamba ya kengele!”

Ilikuwa hivyo tu. Mstari mmoja mwembamba, umejipinda kidogo, ukitoka kwenye kichwa cha kila kengele. Kengele ikitazama chini, mstari ni kamba ambayo mtu atavuta. Nguo ikikunjwa, mstari ni bua na kengele ni tumba. Lakini mstari peke yake usingetosha, kwa sababu ardhi nyeupe na dhahabu vingeendelea kusema bia. Bilauri yenye mguu bado ni bilauri, tena ya watu wakubwa. Rangi ndiyo iliyotakiwa kubadilisha mazungumzo. Akachonga muhuri mpya kwenye soli ya sapatu yangu, ya kushoto, nikabaki na moja. Akachemsha buluu ya kuzamisha nguo nzima. Tulijaribu kwenye kipande kilichokuwa na doa: buluu ikawa nzito, kengele ikazama, haikuonekana tena. Tukajaribu hafifu mno, Mama Feza, aliyekuwa amekaa kizingitini kwa aibu ya kicheko chake akitupepea moto, akasema, “Sasa ni pombe ya baridi.” Tukaongeza. Tukaondoa. Nilikwenda kwenye bomba na kurudi, nikaenda na kurudi, nikipiga kelele kutoka kule: bado, bado, inalala, bado. Halafu mara moja niligeuka na sikuona nguo. Niliona maji. Nilirudi, na karibu na mlango maji yale yakawa na kengele za kijani zinazongoja kuvutwa.

Mzaha, hata hivyo, una miguu kuliko gari. Nguo zilikuwa bado mbichi kwenye waya gari la misheni liliposimama, na Mama Prezidante akashuka bila mkoba. Hakukaa kwenye kiti.

“Nilisikia iko bilauri,” alisema.

“Nani alikuambia, mama?”

“Hata koro ya batoto ba kanisa banajua. Baliimba.” Hakutabasamu. “Mama Mboyo, minyi niliweka jina yangu juu ya kazi hii. Biko wapi?”

“Njo hizi.”

Alipita kati ya nyaya akitafuta bilauri. Alipindua nguo moja, akaipindua nyingine. Kisha akaomba iliyokauka zaidi, akaanza kujifunga, akagundua kwamba mtu aliyevaa nguo hawezi kuiona kwa mbali, na sisi hatukuwa na kioo kikubwa kuliko kiganja. Akaifungua. “Funga weye,” akamwambia Mama Mboyo. “Zote mbili. Minyi nitaangalia.”

Mama Feza aliacha kupepea. Nilimtazama Mama Mboyo, na ninajua alichokuwa anafikiri, kwa sababu macho yake yalikwenda kwenye sanduku. Alijifunga kwanza kile cha chini. Alikishika cha pili kwa mikono yote miwili, akakinyoosha mbele yake, akakaa hivyo. Mama Prezidante alikuwa mwanamke wa akili. Alielewa kwamba hapa hapasubiriwi nguo tu, akageuza uso kidogo upande wa barabara. Ndipo Mama Mboyo akakikunja, nusu ya juu ikaanguka mbele, akakizungusha juu ya nyonga na kukifunga kwa mkono ambao haukuwa umesahau kitu.

Mama Prezidante alitembea mpaka kwenye bomba. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Akageuka, akasimama. Kisha akarudi polepole, akiinamisha kichwa upande huu na ule, mpaka akachuchumaa mbele ya nguo, kofia yake ikigusa goti la mwenzake.

“Kengele njo ya chini.”

“Ndiyo, mama.”

“Na hii ya juu, na bua yake ndani ya mayi?”

“Ni maua ya Kisale. Mutoto huyu alinichorea, lakini alichora kijiko.”

Mama Prezidante aliniangalia kwa mara ya kwanza. “Weye ni wa Kinkondja?” Nikakubali. “Minyi pia nilikomelea kule, utoto yote. Mizizi ya hii maua tulikuwa tunakulaka, tunapigwa juu tulilowesha nguo.” Akagusa tumba moja kwa ukucha. “Na bilauri?”

“Bilienda, mama.”

“Bilienda,” alirudia, na hapo alicheka, kicheko kifupi cha puani ambacho nadhani alikuwa amekizuia tangu mjini. Alisimama, akajikung'uta. “Wafwako, aksanti, mama. Hapana fungula hii. Utakuya nayo hivi hivi kanisani, bamama baone. Na shambre, leo nitatuma bantu batoshe mabenchi.”

Gari lilipoondoka Mama Mboyo alibaki amesimama palepale uani, vikwembe viwili mwilini, mikono wazi kama mtu aliyetua mzigo mzito na bado anauhisi kichwani. Kisha akavuta pumzi ambayo niliisikia nikiwa ndani. Mama Feza akapiga vigelegele kwa kambi nzima.

Siku ya yubile nilikaa nyuma, karibu na mlango, mahali pangu siku zote. Wanawake waliposimama kuimba, ukumbi ulikuwa ziwa. Baada ya hapo jeshi lilihama kweli, Mama Feza akaenda na sufuria zake na kicheko chake, na meza yetu ikaja mjini juu ya mkokoteni. Jambo la kwanza Mama Mboyo alilofanya katika kile chumba cha madirisha mawili ni kumwita fundi, akachimba mashimo manne sakafuni, akasimamisha miguu ya meza ndani yake, akamimina sementi. “Sasa bakuye,” alisema. “Bahamishe.” Sementi ilipokauka, mimi nilianza kusikia treni. Hakunizuia. Alinipa sapatu mpya na kipande kimoja cha kikwembe, akasema nikipata mwili wa kujaza viwili nirudi kuchukua cha pili.

Sikurudi. Nilizunguka. Kisha nikaambiwa amekufa.

Nilipofika Kamina safari hii, chumba nilikipata bila kuuliza, kwa kufuata waya za nguo. Madirisha yalikuwa mawili, yote wazi. Alikuwa amekaa kati yake, mdogo kuliko nilivyomwacha, macho yamefunikwa na ukungu, vidole vya manjano. Nilimsalimia bila kutaja jina. Hakuuliza ni nani. Alipapasa nyuma yake, akavuta kitambaa cheupe, akasema kama anavyomwambia kila mteja: “Simama. Geuka. Ikala.” Nilisimama, niligeuka, nilikaa. Mkaa ulipita nyongani mwangu, ukasimama, ukarudi nyuma kidogo, ukasimama tena.

“Umenenepa, Kijiko,” alisema. “Inakutosha mbili.”

 Nikaegemea meza, nikaisukuma kidogo kwa nyonga, kama mtu anayejaribu jino. Haikutikisika.